Finch Hatton: Setla wa Uasin Gishu aliyekufa ndege ikipaa Voi

ASUBUHI ya Mei 14, 1931, ndege ndogo yenye mabawa yaliyopandana mawili mawili ilipaa kutoka uwanja wa Voi, katika nchi ya Wataita. Iliuzunguka uwanja huo mara mbili kana kwamba rubani alikuwa akiwaaga waliobaki chini, kisha ghafla ikaporomoka na kushika moto. Waliokuwemo walikuwa wawili, na wote wawili walifariki papo hapo. Mmoja alikuwa Denys George Finch Hatton, mtoto wa kabaila wa Uingereza, mwanajeshi wa zamani na kiongozi wa safari za uwindaji aliyesifika kuliko wengi wa zama zake. Wa pili alikuwa mtumishi wake Mkikuyu aliyeitwa Kamau.

Wakenya wengi wanaolijua jina la Finch Hatton hulihusisha na milima ya Ngong na mtaa wa Karen jijini Nairobi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kilichomfunga kwanza na nchi hii si Ngong wala Tsavo, bali ardhi aliyoinunua katika uwanda wa Uasin Gishu, karibu na mahali ambapo leo pana mji wa Eldoret.

Alizaliwa London mnamo Aprili 24, 1887. Babake, Henry Finch Hatton, alirithi cheo cha Earl wa Winchilsea mwaka wa 1898, na mamake alikuwa binti ya Sir Henry Codrington, mkuu wa manowari za Uingereza. Katika watoto watatu wa nyumba hiyo yeye alikuwa kitinda mimba. Jambo hilo lilikuwa na uzito wake, kwa maana kwa desturi ya makabaila wa Kiingereza cheo na mali humwendea mwana wa kwanza, naye mdogo hana budi kwenda kujitafutia riziki penginepo. Nduguye mkubwa, Guy, ambaye jamaa walimwita Toby, ndiye aliyekuja kuwa Earl baada ya baba yao.

Denys alisomeshwa katika shule ya Eton, kisha chuo cha Brasenose huko Oxford. Eton alikuwa kijana aliyependwa na kila mtu, hodari wa michezo, mrefu wa kimo na mwepesi wa ulimi. Oxford alipata shahada ya daraja la chini kabisa. Si kwamba alikosa akili. Alikosa subira ya kukaa juu ya jambo ambalo halikumvutia, na tabia hiyo haikumtoka maisha yake yote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1910 alifunga safari hadi Afrika Kusini, na kutoka huko akaja Afrika Mashariki. Wakati huo uwanda wa Uasin Gishu ulikuwa umegeuka kuwa soko la ardhi. Kwa vizazi vingi palikuwa malisho: kabla ya Wamaasai wa Uasin Gishu walikuwako Wasirikwa, ambao mashimo ya maboma yao bado yanaonekana, na baada ya Wamaasai hao kudhoofishwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, ng'ombe wa Wanandi ndio waliotawala nyasi za huko. Wanandi walipigana na Waingereza kwa muda wa miaka kumi hivi, hadi kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa kwa hila mnamo Oktoba 1905 katika kikao kilichodaiwa kuwa cha mapatano. Baada ya hapo walisukumwa katika hifadhi yao, nayo serikali ya kikoloni ikaanza kuigawa ardhi kwa wageni kama ardhi isiyo na mwenyewe. Miaka michache kabla, serikali hiyo hiyo ilikuwa imependekeza uwanda huo wapewe Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya. Wajumbe wao walikuja, wakatazama, wakakataa.

Waliokubali walikuwa Makaburu. Mwaka wa 1908 kikundi cha familia kilichoongozwa na Jan van Rensburg kiliteremka bandarini Mombasa kutoka Afrika Kusini, kikapanda reli hadi Nakuru, na kutoka hapo kikapanda milima kwa magari ya kukokotwa na maksai katika matope yasiyosemeka. Mashamba yalipimwa na kupewa nambari. Posta ilipojengwa katika shamba nambari 64, kijiji kilichoota kando yake kikaitwa kwa nambari hiyo, na wenyeji wakalitamka jina hilo la Kiingereza kwa ulimi wao wakapata Sisibo. Jina la Eldoret lilikuja rasmi mwaka wa 1912. Wazee wa mji husimulia kwamba sanduku la chuma la benki ya kwanza lilianguka kutoka garini, likawashinda watu kulinyanyua, ikabidi kuta za benki zijengwe kulizunguka pale pale lilipolala.

Hiyo ndiyo nchi ambamo kijana wa Eton alinunua ardhi. Hata hivyo, shamba halikumkaa moyoni. Alimwachia mshirika wake shughuli za kilimo, naye akashika bunduki na kuingia porini. Wengi wa masetla wa Uasin Gishu walikuwa watu waliokuja na wake, watoto na plau, wakashindana na ukame, nzige na madeni; Finch Hatton alikuwa wa aina nyingine, mwenye fedha za nyumbani kwao, aliyeweza kununua ardhi na kuiacha. Ni vyema jambo hilo lisemwe waziwazi, kwa sababu hadithi nyingi zilizoandikwa juu yake humwonyesha kana kwamba aliielea nchi hii bila kuigusa.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, mapigano yaliufikia mpaka wa koloni la Waingereza na lile la Wajerumani. Finch Hatton alijiunga na kikosi cha rafiki yake Berkeley Cole, kilichokuwa na askari Wasomali wengi, kikizunguka nyika ya mpakani. Baadaye alikuwa msaidizi wa Meja Jenerali Reginald Hoskins, na ushujaa wake ulimpatia nishani ya Military Cross. Vita hivyo, tukumbuke, viliendeshwa juu ya mabega ya wapagazi. Waafrika waliolazimishwa kubeba mizigo ya jeshi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa, na majina ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam ni mabaki ya kikosi chao. Hao hawakupewa nishani.

Hoskins alipohamishiwa Mesopotamia mwaka wa 1917, Finch Hatton alimfuata. Ni katika kipindi hicho ndipo alipovutiwa na urubani. Mwaka wa 1918 alipelekwa Misri, ambako jeshi la Uingereza lilikuwa na vyuo vya kuwafunza marubani wa ndege za kivita. Mafunzo ya siku hizo yalikuwa hatari kuliko mtu wa leo anavyoweza kudhani. Vijana wengi walikufa wakijifunza kupaa na kutua kabla hawajamwona adui hata mmoja. Kwa Finch Hatton, vita vilikwisha mnamo Novemba 1918 kabla hajapata nafasi ya kupigana angani. Alirudi Kenya akiwa na kiu hiyo haijakatwa, na ingekaa miaka kumi na zaidi kabla ya kukatwa.

Kabla ya kwenda Misri, Aprili 5, 1918, alikuwa amekutana kwenye chakula cha jioni katika klabu ya Muthaiga na mwanamke wa Kidenmark, Karen Blixen, mke wa Bror Blixen, aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya milima ya Ngong. Aliondoka tena Afrika mwaka wa 1920, akarejea mwaka wa 1922 na kutia fedha katika kampuni ya ardhi. Ndoa ya akina Blixen ilikuwa imekwisha kuvunjika, ijapokuwa talaka ilitoka mwaka wa 1925, na nyumba ya Karen ikawa ndiyo makao ya Finch Hatton kila alipotoka porini. Alileta vitabu vyake, akamletea mwenyeji wake gramafoni, akamfundisha Kilatini, na jioni aliketi sakafuni kusikiliza hadithi ambazo Karen alizitunga. Hadithi hizo baadaye zilimfanya mwanamke huyo kuwa mmoja wa waandishi mashuhuri duniani.

Hawakuoana. Finch Hatton hakuwa mtu wa kufungwa, naye hakuficha. Waandishi wa maisha yake wanasema kwamba Waafrika walimpa jina la Makanyaga, yaani anayekanyaga, kwa kuwa aliweza kumkanyaga mtu kwa maneno tu pasipo kupaza sauti. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwamba jina la namna hiyo si sifa tupu.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 aliifanya safari ya uwindaji kuwa kazi yake ya mshahara. Matajiri wa Marekani na Ulaya walimlipa awaongoze katika nyika za Kenya na Tanganyika. Mwaka wa 1928 alikabidhiwa mgeni mkubwa kuliko wote, Edward, mwana wa mfalme na mrithi wa kiti cha Uingereza. Safari hiyo ilikatizwa pale mfalme George wa Tano alipougua sana, ikambidi mwanawe arejee haraka kwa manowari kutoka Dar es Salaam. Mwaka wa 1930 Edward alirudi, na safari hii kamera ilikuwa na kazi nyingi kama bunduki.

Badiliko hilo halikuwa la bahati. Magari yalikuwa yamefika nyikani, na wawindaji wengine walikuwa wakiwafukuza simba wa Serengeti kwa magari na kuwapiga risasi wakiwa wameketi vitini. Finch Hatton aliona uchafu ndani yake. Aliandika katika gazeti la The Times la London akiwashutumu watu hao, na akahimiza serikali ya Tanganyika iwalinde wanyama wa uwanda ule. Ni ajabu kidogo kwamba maneno hayo yalitoka kwa mtu aliyeishi kwa pembe na ngozi. Lakini mara nyingi anayejua kiasi cha mauaji ni yule anayehesabu mizoga.

Ndege ndiyo iliyompa njia mpya. Mwishoni mwa muongo huo usafiri wa anga ulikuwa umeanza kushika mizizi Kenya, na haukukosa kafara. Machi 12, 1928, Maia Carberry, rubani wa kike aliyekuwa akimfunza kijana Dudley Cowie, alianguka na mwanafunzi wake mjini Nairobi, wakafa wote wawili. Mwaka uliofuata Florence Kerr Wilson, mjane wa setla, alianzisha kampuni ya Wilson Airways, ambayo jina lake limebaki katika uwanja wa Wilson. Rubani wake mkuu alikuwa Tom Campbell Black, mtu aliyeijua anga ya nchi hii kama mchungaji anavyoijua njia ya kisimani.

Finch Hatton alikwenda Uingereza, akakamilisha kile alichokianza Misri, akapata leseni na kununua Gipsy Moth. Hiyo ilikuwa ndege ya kiunzi cha mbao kilichovikwa kitambaa, yenye viti viwili visivyo na paa, injini ya nguvu ya farasi mia moja hivi, na tangi la petroli lililokaa katikati ya bawa la juu, yaani juu ya vichwa vya waliomo. Abiria aliketi mbele na rubani nyuma. Ilikuwa rahisi kuiendesha, na kwa sababu hiyo vyuo vya marubani, vya raia na vya jeshi, viliipenda. Nduguye, Tiger Moth, ambaye alirushwa mara ya kwanza Oktoba 1931, ndiye aliyekuja kuwafunza maelfu ya marubani wa Uingereza katika Vita Vikuu vya Pili.

Mwaka wa 1930 ndege hiyo ilikuwa Kenya. Karen Blixen alipandishwa, akaiona Ngong kutoka juu na ziwa la Natron likimeta, na kwa maelezo yake mwenyewe hakuna furaha aliyopewa na Finch Hatton iliyopita hiyo. Mwenye ndege, hata hivyo, alikuwa na hesabu ya kazi pia. Alitaka kujua kama makundi ya ndovu yangeweza kutafutwa kutoka angani, ili mteja asitumie majuma mawili akifuata nyayo. Nyika ya Voi, yenye vichaka vikavu na mchanga mwekundu, ilikuwa mahali pafaapo kulijaribu wazo hilo.

Mei 1931 aliruka kuelekea pwani, ambako alikuwa na nyumba Takaungu, kaskazini mwa Mombasa. Alipotua huko rafadha ya ndege yake iliharibika, ikabidi nyingine iletwe kutoka Nairobi. Ilipokwisha kufungwa aliruka hadi Voi, akawatafuta ndovu, akalala hapo. Beryl Markham, mwanamke aliyekuwa akijifunza urubani kwa Campbell Black na ambaye wakati huo alikuwa karibu sana na Finch Hatton, alisimulia baadaye kwamba alialikwa katika safari hiyo, na kwamba mwalimu wake ndiye aliyemsihi asiende. Kiti cha mbele kilikaliwa na Kamau.

Chanzo cha kuanguka hakikuthibitishwa kamwe. Moto haukuacha ushahidi wa maana, na waliotazama waliona tu ndege ikigeuka, ikiinama, ikianguka. Lakini yeyote aliyepata kuendesha ndege za namna ile anajua kwamba dakika mbili za kwanza ndizo zenye sumu. Ndege ikiwa ndiyo kwanza imepaa haina mwendo mkubwa wala kimo. Ikikata kona hali mwendo ni mdogo, hewa inayopita juu ya mabawa hushindwa kuibeba, nayo hudondoka kwa upande mmoja. Rubani aliye juu sana hushusha pua ya ndege, akausubiri mwendo urudi, akainuka tena. Aliye karibu na ardhi hana nafasi hiyo. Joto la nyika hufanya hewa kuwa nyepesi, na upepo wa vilima vya Taita haufuati ratiba. Hilo ndilo somo lililofundishwa katika vyuo vya jeshi huko Misri mwaka wa 1918, na kila chuo hulirudia hadi leo.

Habari zilifika Nairobi siku hiyo hiyo. Karen Blixen alikuwa mjini, na aliambiwa baada ya chakula cha mchana nyumbani kwa Lady McMillan, huko Chiromo. Kahawa yake ilikuwa imekwisha kumshinda, shamba limeuzwa, naye alikuwa akifunga virago arudi Denmark. Maiti ilisafirishwa kwa gari moshi kutoka Voi, na siku iliyofuata ikazikwa katika mteremko wa Ngong, mahali ambapo wawili hao walikuwa wamepachagua zamani wakitazama nchi chini yao. Katika majira hayo ya mvua ukungu ulikuwa mzito. Miezi michache baadaye Karen aliondoka Kenya na hakurudi tena. Kitabu chake juu ya shamba lile kilitoka mwaka wa 1937, na filamu iliyotokana nacho mwaka wa 1985, ambamo Robert Redford aliigiza Finch Hatton kwa lafudhi ya Kimarekani, ilipata tuzo saba za Oscar.

Campbell Black naye hakuponyoka. Mwaka wa 1934 yeye na mwenzake Charles Scott walishinda mashindano ya kuruka kutoka Uingereza hadi Australia, dunia nzima ikawajua. Septemba 19, 1936, akiwa katika uwanja wa Speke mjini Liverpool, ndege yake ikitambaa kwenda kupaa, ndege ya kijeshi aina ya Hawker Hart iliyokuwa ikitua iliigonga na kumuua. Mtu aliyeyavuka majangwa na bahari alikufa magurudumu yakiwa chini. Miongoni mwa waliomlilia alikuwa Beryl Markham, ambaye mwezi huo huo alikuwa amevuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi.

Wazo lililompeleka Finch Hatton Voi lilidumu kumpita. Mbuga ya Tsavo ilitengwa mwaka wa 1948, na kuhesabu ndovu kwa ndege ndogo ni kazi ya kawaida ya walinzi wa wanyamapori wa huko. Uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku nchini mwaka wa 1977. Serengeti ni hifadhi ya taifa. Kule Uasin Gishu, reli ilifika Eldoret mwaka wa 1924, masetla wakaondoka kwa wingi wakati wa uhuru, na mashamba yao yakapata wenyewe wapya. Swali la nani alistahili kuyapata limeendelea kuzua ugomvi, mara nyingine wa damu. Tangu miaka ya 1990 mji huo una uwanja wa ndege wa kimataifa, juu ya uwanda ule ule uliopimwa na kugawanywa kwa nambari.

Huko Ngong, Toby alimjengea nduguye mnara wa mawe juu ya kaburi. Watu wa wilaya walisimulia, na Karen akayaandika, kwamba simba walionekana wakijilaza pale alfajiri na magharibi. Wageni bado hupanda kwenda kuuona. Bamba lililopo lina jina la Denys George Finch Hatton na miaka yake, 1887 hadi 1931. Kamau, aliyekaa mbele yake asubuhi ile na kufa katika dakika ile ile, hatajwi hapo, na katika vitabu vingi juu ya mkasa wa Voi hupewa mstari mmoja, jina moja, bila jina la baba wala la kijiji alikotoka.